Massawe wa Nani

Jani lilikuja ndani ya gazeti la wiki iliyopita,
limekunjwa mara nne, linanuka moshi wa jikoni.
Mama Foibe Ndekirwa aliliweka kwenye kaunta ya maabara
kama mtu anayerudisha deni.
"Ni la kitarasa, mgomba wa pombe, kihamba chetu cha Uru.
Ng'ambo ya mfereji yote imenyauka. Huu umegoma.
Niambieni umegoma kwa nini."

Tukalisaga, tukaipa mashine.
Mashine haisomi kitabu: inakirarua,
nakala kwa nakala, vipande vya herufi mia na hamsini,
A, C, G, T, T, A,
kisha inakukabidhi gunia
lisilo na namba hata moja ya ukurasa.

Kazi yangu ni kushona.
Pindo la kipande hiki likifanana na pindo la kile,
navilaza kimoja juu ya kingine, napiga uzi, nasonga.
Utasema rahisi. Fundi yeyote wa Kiboriloni
hutoa shuka zima katika viraka.
Ngoja tufike kwenye marudio.

Nenda stendi ya Moshi tarehe ishirini na tatu Desemba,
watu wanashuka kutoka Dar na mabegi, majokofu, watoto waliolala.
Panda juu ya ndoo, ita: "Massawe!"
Hesabu shingo.
Hivyo ndivyo ilivyo jenomu ya mgomba,
sentensi ileile mara elfu kadhaa,
kila moja ikidai, ni mimi, ni mimi uliyeniita.
Kipande kimeishia "Massawe".
Vinavyoanzia "Massawe" vimejaa gunia.
Nishone kipi?

Na kitarasa hubeba kila kitabu mara tatu:
dada watatu, kitenge cha jora moja.
Hapa mmoja ana kishikizo chekundu.
Kule, herufi elfu mbili mbele, mmoja ana kovu.
Ni yuleyule?
Vipande vyangu ni vifupi,
hakuna kilichowahi kuona kishikizo na kovu kwa pamoja.

Ningeiachia kompyuta ijaribu mipangilio yote.
Nilipiga hesabu nyuma ya risiti ya LUKU:
barafu ya Kibo itakwisha, Kibo yenyewe itasagika iwe uwanja,
nayo bado itakuwa inakohoa kwenye tawi la kwanza.
Njia ya mkato? Hakuna aliyeiona.
Hakuna aliyethibitisha kwamba haipo.
Tumekaa hapo katikati, dunia nzima,
kama watu walioambiwa "subirini"
na karani aliyetoka kunywa chai.

Kwa hiyo tunakisia. Kwa adabu, na asilimia pembeni.
Juzi saa tisa usiku umeme ulikatika,
siku kumi na moja za kushona zikafumuka;
nilikaa gizani nikisikiliza feni ikiishiwa pumzi.

Kila Ijumaa anapiga simu. "Mmesoma?"
"Herufi zote tumezisoma, mama. Hatujui zinafuatanaje."
Kimya.
"Kama mjukuu wangu, darasa la kwanza."
Nyuma ya sauti yake kuna jembe.
Amechukua chipukizi la shina lilelile, amelipanda ng'ambo ya mfereji,
tayari lina jani la pili;
limejinakili lote, marudio kwa marudio, dada kwa dada,
halikuniuliza kitu.

Kwenye ripoti, mahali pa jibu, nimeandika: huenda.
Nikafunga maabara, nikaenda stendi kumpokea kaka yangu.
Mwanamke mmoja langoni aliita, "Massawe!"
Wakageuka kumi.
"Wa Lydia! Wa kwa Sadala! Uliyevunja chungu cha bibi!"
Akageuka mmoja, anacheka, begi linamteleza begani.

Nilibaki nimesimama, watu wananipita huku na huku,
nikihesabu herufi za ile sentensi.